Alama Chini ya Kitambaa

Siku daktari alipomwambia Kidawa kwamba kansa imeshatoka kwenye mlango wa kizazi na kwenda kwingine, na kwamba baridi ya mwaka huo wa 2014 huenda akaimaliza na huenda asiimalize, jambo la kwanza lililomjia halikuwa kifo. Halikuwa hata binti yake Najma, na kwa hilo alijilaumu baadaye. Lililomjia ni tatuu. Muuguzi alimshika bega akidhani mama wa watu amezama kwenye huzuni, kumbe mama wa watu anahesabu miezi kwa vidole chini ya mkoba: Februari, Machi, Aprili, Mei. Je, inamtosha mtu kufuta alama ya miaka ishirini?

Ungemcheka, kama huijui kazi yake ya pili. Ya kwanza ilikuwa cherehani. Alishona kwenye karakana ndogo ya ghorofa ya pili pale Doornfontein, sare za shule na suruali za wanafunzi wa chuo zinazotaka kufupishwa. Lakini akifa mwanamke wa Kitanzania Johannesburg, awe wa Tanga, wa Dar au wa Unguja, simu zinapigwa kwa watu wachache wanaojulikana, na Kidawa ni mmoja wao. Yeye na Bi Ummi, mama wa makamo kutoka kwao Tanga, pamoja na mwingine yeyote atakayepewa ruhusa kazini, hukutana kwenye chumba cha nyuma ya msikiti, wakafunga mlango, wakamwosha mwenzao na kumvisha sanda. Miaka kumi na miwili alikuwa katika kazi hiyo.

Mwosha huoshwa. Watu husema hivyo kwa wepesi, wakimwonya mwenye majivuno. Kidawa aliyasikia maneno hayo kama tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya hospitali. Atalazwa juu ya ile meza, na wanawake anaokunywa nao chai watamgeuza ubavu wa kulia, kisha wa kushoto.

Na watakuta nini? Chini ya kitovu, upande wa kulia, karibu na mfupa wa nyonga, palikuwa na msalaba wa wino mweusi, urefu wa kidole cha kati, na chini ya msalaba jina: HUGUES.

Huyo Hugues alikuwa Mrundi, Mkatoliki, mpole wa sura na mwingi wa maneno. Walikutana mwaka 1994, Kidawa akiwa na miaka ishirini na miwili, wakapanga chumba kimoja mtaa wa La Rochelle, Johannesburg hapo hapo. Waliona wazazi wao wa pande zote mbili watakataa, basi wakaenda kwa mchoraji. Yeye Hugues akachorwa hilali na jina la Kidawa kifuani, Kidawa akachorwa msalaba na jina la Hugues mahali ambapo hata dada yake asingepaona. Kila mmoja akaibeba dini ya mwenzake mwilini, wakajiona wamefanya jambo ambalo dunia haijapata kuliona. Wapenzi ndivyo walivyo, wakifanya upuuzi wanauita ahadi. Mwaka uliofuata Hugues akapata makaratasi ya Kanada, akaondoka na msichana wa kwaya. Kidawa akabaki na msalaba.

Salum, mumewe, aliuona siku ya kwanza ya ndoa. Aliutazama, akavuta shuka, akasema, "Barua hii haikuandikwa kwangu, sina haja ya kuisoma." Hakuutaja tena mpaka ajali ya gari ilipomchukua mwaka 2009. Mume wa namna hiyo mtu hapati wawili.

Sasa anayejua mambo ya josho ataniuliza: hofu ya nini? Maiti haoshwi uchi. Hufunikwa kitambaa kizito kuanzia kitovuni mpaka magotini, na mwosha hujifunga kitambaa kingine mkononi, akapitisha mkono chini, akaosha bila kutazama. Msalaba ulikuwa ndani ya eneo hilo hilo. Wino haushikiki. Mkono ungepita juu yake kama unavyopita juu ya ngozi nyingine yoyote, na Kidawa angezikwa na siri yake. Kwa mwenye imani na kitambaa, habari ingeishia hapo.

Lakini Kidawa hakuwa na imani na kitambaa, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kukiinua.

Ilikuwa mwaka 2011, alipofariki Tabia, mke wa Mussa muuza viatu, mwanamke wa Unguja aliyependwa na kila mtu. Tabia na Mussa hawakujaliwa mtoto. Walimlea Shamsa, binti wa kaka yake Tabia, rika moja na Najma, na mabinti hao wawili wakakaa chuo kimoja cha Kurani na dawati moja shuleni. Siku ya josho Bi Ummi aligeuka kuchota maji. Kidawa alikuwa na mkono chini ya kitambaa, akagusa mstari. Fundi akigusa mshono hawezi kuuacha mpaka ajue umeshonwaje. Ndivyo alivyojitetea moyoni. Akainua ncha ya kitambaa kidogo tu. Lilikuwa kovu la kisu cha uzazi, la zamani sana.

Kama angenyamaza, lingebaki kosa lake na Mola wake. Siku ya hitima, jikoni, akimenya viazi na wenzake, alisema, "Masikini Tabia. Kumbe aliwahi kuzaa." Alilisema kwa huruma, na huruma ndilo vazi ambalo umbea hupenda kutokea nalo. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kufika Ijumaa neno lilikuwa limeshamfikia Mussa, mtu aliyeamini kwa miaka kumi na minane kwamba yeye na mkewe wamepewa mtihani mmoja na Mungu. Arobaini ya Tabia haikusomwa. Mwezi haukuisha, Shamsa akarudishwa kwa baba yake Unguja na sanduku moja.

Najma alilia siku tatu kwa ajili ya rafiki yake. Siku ya nne akaosha uso, akaketi mbele ya mama yake, akasema kwa Kiingereza chake, taratibu, kama anayesoma, "Aliyelitoa neno lile, Mungu asimsitiri." Alikuwa na miaka kumi na minne. Kidawa akaitikia amina, maana asingeitikia angeulizwa kwa nini.

Bi Ummi hakuuliza kitu. Chumbani mle walikuwa watatu, na wa tatu alikuwa binti mgeni aliyesimama mlangoni akilia. Lakini tangu siku hiyo, kila walipoitwa, Bi Ummi alimpa Kidawa mkasi wa kukatia sanda na ndoo ya maji ya mkunazi. Sehemu ya chini ya kitambaa aliiosha mwenyewe.

Basi huyo ndiye mtu aliyetoka hospitalini Februari ile na miezi minne mkononi.

Alianza na njia ya wenye nafasi. Alishona siku tatu mfululizo, akaaga karakana, akaenda kliniki ya ngozi upande wa kaskazini wa jiji, jumba la vioo lenye maua ambayo hujui kama ni ya kweli mpaka uyaguse. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Alipapasa alama, akasema wino mweusi ndio rahisi kuliko rangi zote kuondoka kwa leza. Kidawa akafurahi.

"Itachukua mara nane, pengine kumi," daktari akaendelea. "Na baada ya kila mara tunasubiri wiki sita hadi nane, ngozi ipumzike."

Kidawa akapiga hesabu. Ilimpeleka mwaka wa pili. "Haiwezekani kila wiki?"

"Leza inatafuta weusi, mama. Kwenye ngozi kama yako haiwezi kujua upi ni wino na upi ni wewe. Nikiharakisha nitakuunguza." Kisha akaitazama kadi ya hospitali na kuona kwamba Kidawa anatakiwa kuanza mionzi mwezi ujao, mahali pale pale. Akaifunga kadi na kuirudisha kwa mikono miwili. "Samahani. Hapo mimi sigusi kabisa."

Hospitalini kwake akamuuliza daktari wa upasuaji kama hawezi kulikata pande lile la ngozi na kushona. Kwa kuwa ni fundi wa nguo, alijua kabisa kwamba kipande cha ukubwa ule huweza kuondolewa na kingo zikavutwa zikakutana. Daktari alikuwa na wagonjwa arobaini kwenye benchi. Alimwambia hakati ngozi yenye afya ya mgonjwa wa kansa kwa sababu ya maandishi. "Hilo tatuu halitakuua," alisema, na hakuwa na nia mbaya.

Mchoraji wa tatuu karibu na chuo alikuwa na matumaini zaidi ya wote, na hilo lingetosha kumtia mtu shaka. Kidawa alimweleza habari kwa mafumbo. Jamaa, mwenye michoro mpaka masikioni, akachora haraka kwenye karatasi. "Eish, mama, huo msalaba naugeuza tai. Mabawa huku, jina linapotelea kwenye manyoya. Utapendeza, sharp." Kidawa akamwona Bi Ummi akifunua na kukuta tai amekaa kwenye nyonga ya mwosha mwenzake. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kicheko chake cha kwanza tangu apewe habari, akamshukuru yule jamaa na kwenda zake. Hakuwa tayari kuongeza dhambi ili aifunike dhambi.

Akajaribu chumvi na ndimu, bafuni, mlango umefungwa kwa komeo, maji yamefunguliwa Najma asisikie. Alisugua kama anayesugua sufuria. Ngozi ikatoka damu, na msalaba ukang'aa chini yake kama uliopakwa mafuta.

Machi, wiki moja kabla ya kuanza mionzi, akaenda La Rochelle kwa Gaudence.

Gaudence alikuwa mama wa Kirundi aliyeuza krimu za kung'arisha uso kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, karibu na spaza, kiduka cha mtaani. Alivaa miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Watu wa huko walimsifia kwa jambo moja: mkono wake hautetemeki. Aliuangalia msalaba, akalisoma jina. Akina Hugues walikuwa wengi kati ya Warundi, na kama alimjua huyu hakusema.

"Mama Najma, hii inatoka," alisema. "Mimi niko natoa hata zile za watu wa jela. Itachoma, sikudanganyi. Lakini inatoka yote, hata alama ya wino hutaiona. Sawa?"

"Wiki ijayo naanza mionzi hapo hapo."

"Ah, non. Dawa na ile mashine haviendi pamoja. Kidonda kikauke kwanza. Utachagua moja, mama."

Ile mionzi haikuwa ya kumponya, daktari alishamwambia. Ilikuwa ya kupunguza damu na maumivu, ili miezi iliyobaki iwe miezi ya binadamu. Kidawa alichagua akiwa bado amesimama. Akapiga simu hospitalini pale pale, akasema amepata safari, wamsogeze mbele. Ukitaka kujua hofu ina nguvu gani juu ya mtu, itazame simu hiyo.

Gaudence akavaa miwani. Akazungushia pamba kwenye njiti ya kiberiti, akachovya kwenye chupa ndogo ya kahawia, akaufuata msalaba. Hakupaka ovyo, la. Alifuata mstari kwa mstari, akashuka kwenye jina na kulipitia herufi kwa herufi, hata kile kijipinda cha S ya mwisho, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Kidawa aliuma khanga. Alirudi mara tatu ndani ya wiki tatu, na kila mara Gaudence alisema, "Sitaki kuharibu ngozi nzuri ya pembeni, mama. Nagusa wino tu."

Najma aliambiwa mama anatokwa na damu kwa ule ugonjwa, asimsaidie kuoga. Nayo damu ilikuwepo kweli, na ilizidi, kwa kuwa mashine iliyotakiwa kuipunguza ilikuwa inawasubiri wengine.

Aprili gaga likabanduka. Chini yake ngozi ilikuwa ya waridi, laini, na wino haukuwepo. Haukuwepo! Kidawa aliinamisha kioo cha mkononi, akageuka dirishani, akageuka tena. Alisujudu bafuni, mahali pasipofaa, akijua pasipofaa, kwa sababu hakuweza kungoja kutoka. Siku kumi alikuwa mwanamke mwepesi. Najma alimkuta anaimba akipasha uji, akamkumbatia kwa nyuma, akauliza kwa Kizulu kama ameshinda bahati nasibu. Kama kuna siku Kidawa alizopata bure kutoka kwa mwaka ule, ni hizo kumi.

Ndipo ngozi ikaanza kuinuka.

Ilianza kwa kuwasha. Kisha ikawa ngumu kidogo, kisha ikavimba, sehemu zile tu njiti ilikopita. Alirudi La Rochelle. Gaudence alipapasa, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. "Kuna watu ngozi yao inafanya hivi," alisema. "Mimi sikujua wewe ni wa hao." Macho yalimjaa machozi, maana hakuwa tapeli. "Nilijitahidi sana, mama. Nilifuata vizuri."

Alifuata vizuri mno, hilo ndilo lililokuwa balaa lenyewe. Angekuwa mzembe, Kidawa angebaki na bonge la kovu lisilo na maana, la kuungua na chai au na pasi. Kufika Mei, kovu lilikuwa limesimama juu ya ngozi kama pindo lililoshonwa kwa uzi mnene, na lilikuwa msalaba, na chini yake palikuwa na jina la mtu.

Siku moja mchana, akioga, alifunga kitambaa mkononi kama wafungavyo waosha. Akafumba macho. Akapitisha mkono chini ya kitovu, polepole, kwa uzito ule ule aliokuwa akiutumia kwa wengine. Mkono ukagonga. Ukashuka, ukakuta mkono wa msalaba wa kulia, ukakuta wa kushoto. Ukaenda chini zaidi. H. U. Alivua kitambaa na kuketi sakafuni, maji yakimwagikia mgongoni.

Aliielewa kazi yake yote wakati mmoja. Wino ulikuwa wa macho, na macho yalishawekewa kitambaa na dini yake miaka elfu na zaidi kabla hajazaliwa. Bi Ummi hajawahi kukiinua maisha yake yote. Kidawa angezikwa salama, tangu mwanzo. Kilichokuwa hakionekani amekifanya kishikike. Na miezi ya dawa ameitoa kama malipo ya kufanya hivyo. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni, akijiita majina ambayo hangemwita adui.

Hata hivyo alikwenda kwa Bi Ummi, mtaa wa Observatory, nyumba ya kilimani alikokuwa akilea watoto wa tajiri mmoja. Walikaa jikoni. Kidawa akazunguka mbuyu weee, mwishowe akasema, "Bi Ummi, mtu ukimwosha, mkono ukagusa kitu. Inakuwaje?"

Bi Ummi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Mkono hauna ulimi, mwanangu."

"Kweli."

"Mwenye mkono ndiye mwenye ulimi." Akatoa jiwe moja, akaliweka pembeni. Ndipo akamtazama, bila ukali wowote, na Kidawa akajua kwamba mwanamke huyu anajua habari ya Tabia tangu siku ile na atanyamaza nayo mpaka kaburini. Angeweza kumwambia yote pale. Angemwosha yeye peke yake, mlango umefungwa, na neno lisingetoka. Lakini Kidawa hakuweza kumwomba Bi Ummi kitu ambacho yeye alimnyima Tabia. Alikunywa chai, akaaga.

Ikabaki njia moja. Huko mtaa wa Mayfair kulikuwa na jumuiya ya maziko ya Waislamu wa Kihindi, yenye waosha wake na gari lake. Walipokea Mwislamu yeyote. Waosha wale hawakumjua Kidawa, wala Najma, wala Hugues. Wangegusa wanachogusa, wangemaliza, wangerudi kwa watoto wao. Mgeni hana wa kumsimulia. Alichukua fomu, na kwa kuwa ilikuwa ya Kiingereza kirefu, Jumamosi moja asubuhi akamwita Najma amjazie.

Najma alikuja na kalamu, amevaa sweta la shule juu ya gauni la nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na saba, darasa la mwisho, mrefu kama Salum. Alikaa upande wa pili wa meza na kusoma maswali kwa sauti, akiyatafsiri kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Jina kamili. Mtaa. Tarehe ya kuzaliwa. Aliandika kila jibu kwa herufi kubwa, bila kulia, na Kidawa alimwonea fahari iliyomuuma.

"Hapa wanauliza ndugu atakayeshiriki kuosha," Najma alisema. Akaanza kuandika. "Naweka mimi."

"Ngoja."

"Hapana, Mama, ngoja wewe. Nataka kukuambia." Akaweka kalamu chini. Kwa kawaida, jambo zito Najma alilisema kwa Kiingereza. Safari hii alilivuta kwa Kiswahili, neno moja moja, ili limfikie mama yake. "Tangu Machi mimi naenda kwa Bi Ummi baada ya shule. Ananifundisha. Nimeosha watu wawili. Wa kwanza niliogopa, nikatapika. Wa pili hapana. Bi Ummi anasema mikono yangu ni kama yako."

Kidawa akaitazama mikono hiyo juu ya fomu.

"Siangalii, Mama. Naangalia ukuta. Kila mara nafikiri Shamsa, na ile kitu walisema kuhusu mama yake. Nikasema, kwa mama yangu hakuna mtu atasema kitu. Mimi nitakuwa pale. Mimi nitashika hiyo kitambaa." Akatabasamu kidogo, kwa haya. "Ni zawadi yako. Nilitaka usijue mpaka mwisho, lakini sasa unajaza fomu ya watu wengine."

Ulikuwa wakati wa kusema. Kidawa aliuona, akaufungulia mdomo. Lakini ukweli wake ulikuwa na mikia. Angesema msalaba, angeulizwa kovu. Angesema kovu, angeulizwa kwa nini hakukiamini kitambaa, mwosha mzima wa miaka kumi na miwili. Na jibu la hilo lilikuwa Tabia, jikoni, na viazi. Binti aliyetapika kwa ajili yake angejua kwamba ile dua yake mbaya ilimwangukia mama yake, na kwamba mama yake aliitikia amina. Alimpenda mtoto huyu kuliko pumzi zilizobaki. Ndiyo maana hakuweza.

"Andika hakuna," alisema.

"Hakuna nini?"

"Ndugu wa kuosha. Andika hakuna."

"Mama, hujanisikia?"

"Nimekusikia. Sitaki mikono yako."

Alitaka kusema sitaki uteseke. Alitaka kusema wewe bado mdogo. Yalitoka yale, makavu, kwa sauti ya mtu mwingine, na yalipokwisha kutoka hayakuzoleka.

Nje mtu alikuwa anapiga honi kwenye robot, zile taa za barabarani, hachoki. "Nimekosea nini?" Najma aliuliza.

"Hujakosea."

"Sasa kwa nini?"

Kidawa akatazama meza. Najma akachukua kalamu, akaandika HAKUNA kwa Kiingereza, herufi kubwa kama fomu ilivyotaka, akaigeuza karatasi na kuisogeza.

"Soma kama iko sawa."

"Iko sawa," Kidawa alisema, akatia sahihi.

Kisha akanyoosha mkono kuushika wa mwanawe. Lakini Najma alikuwa ameshaitoa mikono yake juu ya meza. Aliiweka mapajani, akaivutia ndani ya mikono ya sweta, kama mtoto aliyeambiwa mbele za watu kwamba ni michafu.